Kuunda Karatasi Inayopenyeza Nuru katika Blender
Kabla ya kuwasha kompyuta na kufungua Blender, programu ya kuunda picha za pande tatu, chukua karatasi iliyofungia vitumbua, uinue dirishani asubuhi, jua la Bagamoyo linapochomoza upande wa bahari, nawe utaona doa la mafuta likipitisha mwanga kuliko sehemu kavu, kwa sababu mafuta yamejaza nafasi za hewa baina ya nyuzi na kupunguza kutawanyika kwa nuru.

Kisha, ndani ya programu, tumia bapa moja lisilo na unene, kwani karatasi ya kawaida ina takriban milimita 0.1 tu. Changanya sheda (maelekezo ya jinsi uso unavyoitikia nuru) ya kutawanya nuru usoni na ile ya kuipenyeza hadi upande wa pili, ukianza na kiwango cha 0.4 cha kupenyeza; penye doa, kiongeze kwa picha ya nyeusi na nyeupe inayoonyesha mahali doa lilipo. Weupe wa rangi ya karatasi usizidi 0.8, katika kipimo cha 0 hadi 1. Taa, kwa maoni yangu, iwekwe nyuma, ambako mikunjo na kivuli cha vidole hujitokeza vizuri.