Kuchonga kiboko wa mjakaranda

Wageni wanaoshuka ufukweni Dunga huulizia kiboko, na kwa mchongaji anayeanza huyu ni mnyama mzuri: hana miguu myembamba ya kuvunjika kama twiga. Tumia mjakaranda. Muhugu, ambao wachongaji wa Wamunyo kule Ukambani waliutegemea miaka na miaka, umekuwa adimu, nami sioni haja ya kuusaka huku Kisumu.

Pasua gogo kwa urefu, kiini ukitoe kabisa, maana nyufa huanzia pale. Toa umbo kwa tezo mti ukiwa bado mbichi. Ukishakauka utakutoa jasho. Piga ukifuata nyuzi. Ukiona tezo inanyanyua kibanzi kirefu kinachozama ndani, simama, geuza gogo, upige kutoka upande wa pili. Masikio yaache manene kama kidole gumba, utayapunguza mwisho kwa kisu.

Kukausha ndiko kunakoharibu kazi za wengi. Usianike juani, jua la huku halina huruma. Paka nta ya mshumaa pale mti ulipokatwa mkingamo, mfukie kiboko wako kwenye gunia la vibanzi, uliweke kivulini wiki kadhaa. Mpime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, amekauka.

Msasa wa kukwaruza, halafu laini, halafu kiwi ya kahawia na kitambaa. Macho toboa mwisho. Na usitaje bei kabla mteja hajamshika mkononi.