Kuunda na kupima shokapu za Subaru WRX kwa barabara za Uganda, hatua kwa hatua

Salamu ndugu zangu wa magari. Hii nimewaandikia mafundi na wenye gari za spoti hapa Uganda, hasa Impreza WRX maana ndiyo ninayoishika kila siku gereji kwangu Kampala, ila hesabu ni zile zile hata ukiwa na Toyota 86 au Evo. Shokapu nyingi za kununua dukani zimepangiwa lami laini ya kwa wenzetu, ukizifunga hapa gari inarukaruka kama mbuzi na mwenyewe anakwambia eti ndiyo spoti hiyo, kumbe tairi ziko hewani. Ugumu sio uzuri jamani. Shokapu nzuri ni ile inayobakiza tairi chini, na hicho ndicho tutakachotafuta.

Hatua ya 1: pima gari kabla hujashika spana

Weka mizani 4 chini ya tairi, dereva akae ndani, tangi iwe nusu. Gari yangu ya majaribio, kona ya mbele inasoma kilo 390. Toa vitu ambavyo havibebwi na springi, yaani tairi, rimu, habu, breki na nusu ya mkono wa chini, kwangu vinafika kama kilo 40, inabaki 350. Halafu pima gari ikisimama yenyewe, toka hapo mpaka ifike kwenye raba ya kugongea kuna sentimita ngapi. Watu wanashusha gari mpaka zinabaki 3 halafu wanalaumu shokapu, hapana, hapo unaendeshea raba. Mimi kwa barabara zetu sishuki chini ya 7 mbele.

Hatua ya 2: hesabu

Usiogope, ni kalkuleta ya simu tu. Chukua ugumu wa springi, gawa kwa uzito, tafuta kipeuo cha pili, gawa kwa 6.28. Springi yangu ni nyutoni 40 kwa milimita, yaani 40,000 kwa mita, gawa kwa 350 unapata 114, kipeuo chake 10.7, gawa tena unapata 1.7. Maana yake ukiiacha gari kwenye springi peke yake itapanda na kushuka mara 1.7 kila sekunde. Gari ya kawaida ya familia inakaa kati ya 1 na 1.5, ya mashindano ya lami inapita 2, kwa hiyo 1.7 ni ya spoti lakini bado unaweza kwenda nayo Masaka na mama akiwa nyuma. Mbele ya WRX springi inakaa kwenye shokapu yenyewe na imesimama karibu wima, ndiyo maana sijaweka hesabu ya mkono, yaani springi inasogea kiasi gani tairi ikisogea, gari za mikono miwili lazima uiweke.

Sasa shokapu. Zidisha 40,000 kwa 350, tafuta kipeuo cha pili, mara 2, unapata kama 7,480. Hicho ni kiwango ambacho gari ikisukumwa chini inarudi bila kuyumba hata kidogo, lakini ukifika huko gari inakuwa ya mbao. Mimi nachukua asilimia 65, inakuja 4,860, kwa hiyo shokapu ikienda kwa kasi ya mita 0.1 kwa sekunde itoe wastani wa nyutoni 486. Nagawa hivi: kubana (shokapu ikijikunja) 350, kurudi (ikijinyoosha) 620.

Kurudi kunazidi kwa sababu ndiko kunakoshika nguvu iliyojaa kwenye springi. Ila usizidishe, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa marramu, yaani barabara ya udongo isiyo na lami. Barabara ikishakuwa na mbavu, kama kurudi ni kuzito tairi haiwahi kushuka kabla mbavu nyingine haijafika, inapanda tena, tena, tena, gari inazama yenyewe kidogo kidogo mpaka inalalia raba, na dereva anadhani kubana ni laini anaongeza kubana, hapo ndiyo anaharibu kabisa.

Hatua ya 3: kufungua

Toa gesi kwanza kwenye vali, taratibu, uso ukae mbali. Shokapu ya bomba moja ina presha kubwa ndani, ukiifungua ikiwa nayo pistoni inaweza kukurukia. Na zile zilizochomelewa usizikate kama hujatoboa tundu dogo la kutolea gesi.

Hatua ya 4: shimu

Hapa ndiyo roho ya kazi. Pistoni ina matundu, na juu ya matundu kuna visahani vyembamba vya chuma, ndizo shimu, vimepangwa kama chapati, kikubwa chini, vinapungua kwenda juu. Oili ikisukuma vinapinda. Unene wake ndio unaamua kila kitu: nguvu inaenda na unene mara tatu, yaani sahani ya milimita 0.20 ina nguvu ya sahani 8 za 0.10, na ikilinganishwa na 0.15 ni kama mara 2.4. Kwa hiyo usibadilishe kwa macho, kila moja ipite kwenye maikromita.

Meza iwe safi kuliko meza ya kulia. Mwaka jana shokapu moja ilinisumbua siku mbili, kasi ndogo inakosa kama nyutoni 90, kasi kubwa iko sawa. Nikafungua, nikatandaza shimu kwenye karatasi nyeupe chini ya taa, nikakuta uzi mmoja wa kitambaa cha pamba umelala kati ya pistoni na sahani ya kwanza, mwembamba kama unywele. Oili ilikuwa inapenya hapo. Tangu siku ile sipangusi kwa kitambaa, naosha na kupuliza kwa hewa.

Hatua ya 5: oili na gesi

Jaza, kisha sukuma pistoni polepole juu na chini mpaka mapovu yaishe, kama unayaona bado hujamaliza. Gesi ni naitrojeni kavu, mimi naweka bar 12. USITUMIE OKSIJENI YA KUCHOMELEA, oksijeni yenye presha ikikutana na oili inalipuka. Hewa ya kompresa nayo ina unyevu, achana nayo.

Hatua ya 6: mashine

Yangu nimeitengeneza mwenyewe, mota yenye kibadilisha kasi, kikombo (krenki) chenye mwendo wa milimita 50, na sensa ya uzito juu. Kwa mwendo huo mizunguko 20 kwa dakika inakupa mita 0.05 kwa sekunde, 40 inakupa 0.1, 100 inakupa 0.26. Toa kwanza nguvu ya gesi, kwa fimbo ya milimita 22 na bar 12 ni kama nyutoni 456, la sivyo kubana kutaonekana kukubwa na kurudi kudogo. Pima ikiwa baridi, iache ifanye kazi mpaka bodi ya shokapu ifike nyuzi 80, pima tena. Ikipungua zaidi ya asilimia 15 mimi sifungi kwenye gari ya mtu. Kushoto na kulia zisipishane zaidi ya asilimia 5.

Hatua ya 7: barabarani

Funga zipu tai kwenye fimbo ya shokapu, isukume mpaka chini kwenye sili, itakuonyesha imetumia safari kiasi gani. Ni ya shilingi mia chache na inasema ukweli. Toka alfajiri kabla msongamano haujaanza. Njia yangu ni Busega, Mpigi, mpaka Kayabwe kwenye mstari wa ikweta. Matuta makubwa ya kwenye senta yanapima kubana na raba. Zile mistari minene ya lami kabla ya tuta zinapima kasi kubwa, usukani ukitetemeka na tairi zikipiga kelele ya kuruka, punguza shimu za kubana, sio kliki za kile kifundo cha kurekebisha shokapu. Expressway ya Entebbe kwa kilomita 100 kwa saa, gari ikielea baada ya wimbi moja ongeza kurudi kliki 2. Mwisho marramu kama kilomita 20, simama, pima joto la kila bodi, angalia zipu tai.

Badilisha kitu KIMOJA kila safari, presha ya tairi ile ile. Mimi niliwahi kubadilisha oili na kliki asubuhi moja, gari ikawa nzuri, nikashindwa kujua ni kipi kimesaidia, nikarudia wiki nzima.

Hatua ya 8: fungua tena baada ya kilomita 1,000

Ndiyo, fungua, hata kama inaenda vizuri. Oili ikiwa ya kijivu inayometameta, mkanda wa pistoni unalika na ukuta unachunika. Fimbo ikiwa na mkwaruzo unaoushika kwa ukucha, badilisha fimbo na sili pamoja, vumbi jekundu la marramu ndilo linafanya hiyo kazi na kofia ya raba ya kuzuia vumbi watu wanaitupa. Mrudishie mteja gari na karatasi ya vipimo vyake, idadi ya kliki ukihesabu toka imefungwa kabisa, imeandikwa kwa kalamu isiyofutika na kubandikwa ndani ya boneti.