Kutunza uaminifu wa ndoa mnapoishi mbalimbali

Ndoa nyingi za huku kwetu Moshi huishi mahali pawili: mama yuko kihambani, yaani shamba la nyumbani la ukoo, Marangu au Kibosho na migomba, ng'ombe na watoto, na baba yuko Arusha akitembeza watalii mbugani. Mimi na mke wangu tuliishi hivyo miaka tisa, na haya ninayoyaeleza tulijifunza kwa taabu.

Anzeni kwa kusoma pamoja, bila haraka, Mithali 5:15 hadi 18. Amri ya Kutoka 20:14 inakataza uzinzi kwa neno fupi, lakini hapa mwenye hekima anaagiza mtu anywe maji ya birika lake mwenyewe na amfurahie mke wa ujana wake. Aliyekulia mlimani anaelewa upesi habari za maji, kwa kuwa mfereji uliochimbwa na babu zetu haufikishi maji shambani mpaka watu watoke na majembe kuuzibua na kuziba palipotoboka, na asiyeukagua hushtuka migomba imekwisha kunyauka.

Kisha wekeni saa ya kuzungumza kila siku, msiivunje. Sisi tulichagua saa tatu usiku, watoto wakishalala, lakini kwa muda mrefu mazungumzo yetu yalikuwa ada, pumba za ng'ombe na pesa za kutuma, mpaka usiku mmoja mke wangu akaniambia kwa upole, "Baba watoto, leo umempigia msimamizi wa shamba; mimi hujanipigia." Tangu hapo tulianza kwa kuulizana hali ya moyo, na mambo ya ng'ombe yakafuata.

Pataneni pia siku za kurudi nyumbani. Katika 1 Wakorintho 7:5 Paulo anawaambia wanandoa wasinyimane isipokuwa wamepatana, tena kwa muda na kwa ajili ya kusali, kisha warudiane, Shetani asije akawajaribu. Anayekaa Arusha, kilomita 80 hivi kutoka Moshi mjini, akasubiri Krismasi ndipo apande kwao, ajiulize alipatana na nani.

Jambo la mipaka liamuliwe mapema. Watu hukumbuka vazi ambalo Yusufu aliliacha mkononi mwa mke wa Potifa, lakini Mwanzo 39:10 inaonyesha kwamba kabla ya siku ile alikuwa amekataa siku baada ya siku, hata kukaa naye tu. Kwa hiyo usimsimulie mwanamke mwingine, wala mwanamume mwingine, kasoro za mwenzako, na ujumbe wa simu unaotaka kuufuta kabla hujafika nyumbani ni dalili kwamba mfereji umeshatoboka.

Ikiwa mmoja ameshaanguka, asifiche. Mithali 28:13 inaahidi rehema kwa anayeungama na kuacha, yote mawili, na Daudi alipojaribu kuficha habari ya Bathsheba aliishia kumwua Uria, mume wa mwanamke huyo. Waiteni wasimamizi wenu wa ndoa, au mchungaji au padre, kabla ya kuwaita ndugu, kwa sababu ndugu huja na upande wake tayari. Nendeni wote wawili mkapime VVU kabla ya kurudiana kimwili. Naomba sana jambo hili lisipuuzwe kwa sababu ya aibu. Aliyekosewa asilazimishwe kutamka msamaha katika kikao cha kwanza, maana Bwana Yesu mwenyewe katika Mathayo 19:9 aliutaja uasherati kuwa jambo zito kwa ndoa. Huenda akauliza swali lile lile leo, kesho na mwezi ujao, na aliyekosa anapaswa kulijibu kila mara, kwa ukweli ule ule, pasipo kukasirika.