Kabla hujanunua shokapu ngumu za nyuma, kamata kwanza bushi

Wadau wa kusini, msimu wa korosho ukikaribia kila fundi kuanzia Mikindani hadi Tandahimba anapigiwa simu ya aina moja, "fundi nyuma inagonga, nitafutie shokapu ngumu". Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Nina pikipiki ya Boxer ya siku nyingi, imepanda Newala mpaka nimesahau idadi, sasa ilipoanza kugonga kila shimo nikaenda dukani nikasema nipe ngumu kuliko zote. Nikapewa kweli. Ile pikipiki ikawa kama punda aliyechokozwa, ukiingia kwenye vumbi lililojikunja kama bati tairi linadunda tu haligusi chini vizuri, ukishika breki ndo unajuta, na kiuno usiku hakilali.

Kosa langu lilikuwa kudhani ugumu ndo uzima wa shokapu. Springi kazi yake kubeba mzigo, ila kinachoituliza isirudi juu kwa fujo ni ile oili ya ndani, kwa hiyo ukifunga springi ya chuma kizito kwenye shokapu ambayo oili yake haina nguvu ya kuizuia umejitengenezea manati.

Sasa anza hivi. Simama pembeni ya pikipiki, kandamiza siti chini kwa uzito wako wote halafu achia. Ikipanda ikatulia, oili bado inafanya kazi. Ikiyumba juu chini mara mbili tatu, hiyo imekufa. Chungulia na ule mti unaoingia na kutoka ndani ya shokapu, ukikuta oili imeganda na vumbi au mti umepinda usipoteze muda, hapo ni kubadilisha, na unabadilisha zote mbili hata kama moja inaonekana nzima.

Halafu usikimbilie dukani bado. Weka stendi ya kati, tairi la nyuma liwe hewani, shika ule mkono wa chuma unaobeba tairi (swingamu) kule mwisho kabisa usukume kulia na kushoto. Usishike tairi, maana beringi za tairi zikiwa zimeisha zitakudanganya. Ukisikia kilio au ukaona inacheza, bushi zake (vile vipande vya bomba vinavyokaa pale swingamu inapoungana na fremu) zimekwisha, na hapa ndo pikipiki nyingi za zamani zinaponea, kwa sababu mkia ukiyumba hata shokapu za bei mbaya hazisaidii kitu. Mimi nilipobadilisha bushi tu nusu ya kelele ikaisha.

Tatizo la sisi wa pwani ni chumvi. Ile bolti ndefu inayopita kwenye swingamu inaganda na kutu kama imechomelewa. Mwagia oili ya kulegezea kutu, iache ilale mpaka asubuhi, kisha legeza nati lakini usiitoe yote, iache ifunike ncha ya bolti ndo ugonge kwa nyundo ukiwa umeweka kipande cha mbao, hapo nyuzi hazifi. Ikishatoka isugue, paka grisi ya kutosha, funga bushi mpya.

Ukienda kununua shokapu nenda na ya zamani mkononi. Pima katikati ya tundu la juu mpaka katikati ya tundu la chini, pima unene wa bolti, pima na upana wa zile bushi za kwenye matundu. Ikizidi ya zamani kwa urefu, mwisho niliouona mimi ni sentimeta 1, zaidi ya hapo mkia unapanda, usukani unakuwa mwepesi wa ajabu, cheni inaanza kula swingamu na stendi ya kati haikai. Zile zenye vikopo vya rangi pembeni angalia vizuri, vingine ni pambo tu ndani hamna kitu, na vile vya gesi ya kweli usithubutu kuvifungua wala kuvitoboa, ndani kuna presha.

Kabla ya kufunga shokapu mpya isimamishe wima uipampu mara kadhaa, maana dukani zinalazwa na hewa inaingia kwenye oili. Funga upande mmoja mmoja, toa ya kulia funga mpya ndo uhamie kushoto, swingamu haitadondoka na matundu hutayatafuta kwa kupiga nyundo. Wosha (zile ringi bapa za kwenye bolti) zirudi zilipokuwa. Nati zishike kwa mkono kwanza, shusha pikipiki kutoka kwenye stendi, mtu akae juu, ndo ukaze kabisa, kwa sababu ile raba ya bushi ukiikaza tairi likiwa hewani inabaki imejinyonga na inachanika mapema.

Kuset ndo watu wanaruka. Tairi likiwa hewani pima kutoka ekseli mpaka alama yoyote ya juu yake kwenye fremu, kisha shusha ukae mwenyewe upime tena. Kwa pikipiki hizi zetu ikishuka kama sentimeta 3 iko poa. Haishuki kabisa, springi ngumu mno kwako, ikizama sana zungusha ile ringi ya ngazi inayokandamiza springi, ipande ngazi moja, na kulia na kushoto ziwe sawa. Ukipakia gunia la korosho panda ngazi, ukishusha mzigo rudisha, usiwe mvivu. Na gunia zaidi ya moja, ndugu yangu, hakuna shokapu ya hivyo, unaua fremu.

Mwisho kagua cheni, maana urefu wa nyuma ukibadilika na yenyewe inabadilika. Mkaaji awe juu wakati unaipima, isivutike kama waya wa gitaa. Breki ya nyuma nayo iangalie, ule mti wake unaweza kuwa umejivuta ukakuta breki inashika yenyewe.

Safari ya kwanza nenda taratibu na beba spana. Mimi nilitoka Mtwara nikijiona fundi, kufika Mnazi Mmoja nimesimama kula ming'oko naangalia chini, nati ya kushoto imelegea kama nusu mzunguko.