Maji ya nyumba ya wageni Mombasa: kutoka tangi hadi shawa

Nyumba ya kulaza wageni Nyali, Bamburi au Shanzu huangushwa na maji kabla ya kitu kingine chochote. Mgeni atavumilia kochi lililochakaa na hata intaneti ya kukatikakatika. Povu likiwa kichwani na mfereji umekauka, havumilii, na atayaandika hayo kabla hajafika stesheni ya treni ya Miritini. Mwongozo huu ni wa nyumba ya vyumba viwili, watu wanne, yenye mfereji wa mji unaokuja kwa mgao na kisima cha maji ya chumvi.

Hatua ya 1: Pima chumvi kabla ya kununua chochote

Usitumie ulimi. Aliyekulia pwani ameshazoea, na maji anayoyaita "si mabaya" mgeni wa Nakuru huyatema. Nunua kipimo cha TDS (jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini), kile kidogo cha mkononi kama kalamu, upime sehemu tatu: penye mita ya mji, kwenye kisima, na kwenye shawa yenyewe. Pima siku ambayo maji ya mji yamekuja, kisha rudia siku ya tatu ya mgao. Yaandike majibu yote.

Chini ya 500 (miligramu kwa lita, au ppm kwenye kipimo) ni maji matamu. Yakipita 1,000, wengi huonja kuwa si matamu. Kumbuka kipimo hakitofautishi chumvi na chokaa, na Mombasa una vyote viwili: visima vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo hata kisima kisicho na chumvi kali hukataa kutoa povu na huacha ukoko mweupe kwenye birika. Kiangazi, watu wakivuta sana, namba hupanda. Kwa hiyo kipimo cha Juni hakikuambii habari za Februari.

Maji ya kunywa hayaingii kwenye mjadala huu. Vyoo vya shimo viko karibu mno na visima. Weka mtungi wa lita 20 jikoni, basi.

Hatua ya 2: Hesabu lita

Wageni wa pwani huoga mara mbili, na wakati wa kaskazi mara tatu, maana kila wakitoka ufuoni wana mchanga. Weka lita 130 kwa mtu kwa siku. Watu wanne ni 520. Ongeza mikupuo miwili ya mashine ya kufua, kama lita 60 kila mmoja: jumla 640. Mgao ukikaa siku tano, ni 3,200. Ndiyo maana tangi la 3,000 ambalo kila mtu hununua hukauka siku ya tano, mgeni akijiandaa kuondoka.

Kabla ya kukimbilia la 5,000, soma hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Tenga maji mawili

Choo hakihitaji maji matamu. Kwa lita 8 kila kuvuta, mara tano kwa mtu, watu wanne humaliza lita 160 kwa siku. Ziondoe kwenye 640 zibaki 480, na kwa siku tano ni 2,400. Sasa tangi la 3,000 linatosha na akiba inabaki. Paipu za choo na mfereji wa nje peleka kwenye tangi la kisima. Jikoni, sinki, shawa na mashine ya kufua vibaki kwenye maji matamu.

Fundi bomba atakushauri uunganishe laini hizo mbili kwa geti valvu (valvu ya kufunga na kufungua kwa mkono), "ili siku ya dharura ufungue tu". Kataa. Geti valvu huvuja kwa ndani bila dalili yoyote kwa nje, na baada ya miezi michache tangi la maji matamu linapima 900 na hakuna anayejua sababu. Ukitaka njia ya dharura, weka yunioni, yaani kiungo cha paipu kinachofunguliwa kwa spana, na uiache wazi, ncha mbili zisigusane. Kwenye laini ya mji, weka valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, la sivyo siku maji ya mji yakikatwa, maji ya tangi hunyonywa na paipu tupu.

Ukiwa kwenye fleti yenye tangi moja la jengo zima huwezi kutenga lolote. Ruka hadi hatua ya 5 na uchukulie kuwa maji yako ni ya chumvi, hata wiki yanapokuja matamu.

Lori la maji: mengi hubeba lita 10,000 na hayauzi nusu, kwa hiyo patana na jirani. Ingiza kipimo chako kwenye maji ya lori kabla mpira haujaingia tangini. Dereva hatachukia, ameshazoea.

Hatua ya 4: Pampu

Nusu hozipawa yenye swichi ya presha inatosha nyumba ya ghorofa moja. Ikiwaka na kuzima kila sekunde chache huku mfereji mmoja tu uko wazi, usibadilishe pampu. Kitangi cha presha kimepoteza hewa. Zima, mwaga maji yote yaliyomo, kisha jaza hewa kwa pampu ya baiskeli hadi baa 0.2 chini ya presha ambayo swichi inawashia pampu.

Hatua ya 5: Shawa ya umeme

Hapa ndipo siku nzima hupotea. Wageni wa bara wanataka maji moto hata joto likiwa digrii 32. Usibishane nao.

Hadiwea kuna shawa za aina mbili zinazofanana sura: za maji matamu na za maji ya chumvi. Tofauti iko ndani. Ya maji matamu ina koili (waya unaopasha maji) tupu inayozama majini. Ya chumvi ina koili iliyovikwa ganda la chuma. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko matamu, kwa hiyo penye koili tupu umeme huvuja ndani ya maji ukitafuta waya wa athi, ule unaopeleka umeme ardhini. Athi ikiwepo pamoja na kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile mafundi wanachokiita RCD, stima hukatika mgeni akiwa katikati ya kuoga. Athi isipokuwepo, mgeni hutekenywa na shoti akigusa mfereji. Na koili yenyewe huliwa hadi ikakatika. Soma boksi. Kama halikuandikwa kuwa ni ya maji ya chumvi, si ya maji ya chumvi, hata muuzaji aape.

Mtego ni kwamba shawa isiyofaa hufanya kazi vizuri siku inapofungwa, kwa sababu siku hiyo mji ulileta maji. Siku ya tatu ya mgao, kama hukutenga maji na tangi limepokea ya kisima, RCD inaanza kuruka. Hapo huitwa fundi stima, naye "hutibu" kwa kuiondoa RCD. Usikubali kamwe. RCD imefanya kazi iliyowekewa. Badilisha shawa.

Shawa ya wati 5,500 kwa volti 240 huvuta karibu ampea 23. Waya uwe wa milimita 6 za mraba, kutoka kwenye breka yake yenyewe ya ampea 32, na swichi ya kukata nyaya zote mbili. Kwenye fleti za zamani utakuta fundi ameunganisha shawa kwenye waya wa soketi wa 2.5. Gusa ukuta baada ya dakika kumi za kuoga: ukiwa na joto, zima. Shawa mbili zikiwaka pamoja ni ampea 46, hujahesabu viyoyozi, kwa hiyo angalia breka kuu kabla ya kufunga ya pili.

Ukifunga shawa mpya, acha maji yapite dakika nzima breka ikiwa imezimwa, ndipo uwashe. Koili ikiwaka kavu huungua hapo hapo. Fanya vivyo hivyo kila mara tangi lilipokauka na maji yakarudi, kwa sababu paipu zimejaa hewa na maji huja kwa kukohoa. Yakishatulia, washa.

Isipopasha, angalia maji kwanza. Maji hafifu na shawa baridi: presha haitoshi kusukuma swichi ya ndani, na kitako cha tangi kinapaswa kuwa mita mbili hivi juu ya shawa. Maji mengi na baridi: koili imekatika au breka imeshuka. Nyuzi chache za maji zinazochoma: matundu yamezibwa na chokaa, loweka kichwa cha shawa kwenye siki nyeupe usiku kucha. Ukitaka kuifungua, zima kwenye breka, si kwenye swichi ya bafuni tu.

Hita ya jua sawa, ila kwa maji matamu pekee, na anodi yake, fimbo inayoliwa na kutu badala ya tangi, ikaguliwe kila mwaka.

Hatua ya 6: Mifereji

Nunua ya plastiki imara nje na chooni. Ile inayong'aa huota madoa ya kijani kwa hewa ya bahari peke yake.

Hatua ya 7: Mlinzi

Mlinzi ndiye anayejua maji yamekuja saa nane usiku. Mpe kipimo, mfundishe kukisoma, na umtumie ujumbe huu kila asubuhi mgeni yupo:

"Mzee, shikamoo. Maji ya mji yamekuja usiku? Naomba picha ya tangi la juu na picha ya kipimo. Kama limeshuka chini ya nusu, niambie sasa hivi, usingoje jioni."

Nusu ya 3,000 ni lita 1,500, yaani siku tatu. Hizo ndizo siku zako za kutafuta lori, na mkesha wa Krismasi au Pasaka hata siku tatu ni chache.