Namna ya Kula Doubles Piarco Kabla ya Kupanda Ndege

Anayeondoka Trinidad kupitia uwanja wa Piarco asiharakie kuingia ndani akala baga aliyoizoea kila uwanja. Nje ya eneo la ukaguzi huuzwa doubles: bara mbili, yaani vimkate laini vya unga wa ngano na manjano vilivyokaangwa, na juu yake dengu zilizopikwa kwa bizari. Ni chakula cha asubuhi hasa. Wahi mapema, wakati bara bado ni za moto na hazijaanza kukakamaa.

Malizana na mizigo kwanza. Kabidhi begi kubwa, chukua pasi ya kupandia, ndipo utoke ukale. Doubles hazitaki toroli mkononi. Zinahitaji mikono yote miwili. Jipangie uwe umemaliza dakika 90 kabla ya ndege kuondoka, kwa sababu foleni za ukaguzi na uhamiaji hazitabiriki. Beba dola za Trinidad taslimu, noti ndogo.

Muuzaji atauliza kuhusu pilipili, na jibu hutakiwa papo hapo. "Slight" ni kidogo, "medium" ni wastani, "plenty" ni ya waliozoea. Hiyo "slight" yenyewe huwasha kweli, maana pilipili za huko ni za jamii ya mbuzi. Kama una safari ndefu na tumbo lako ni jepesi, kataa pilipili kabisa, kisha omba ukwaju na tango. Ladha haitapungua sana.

Pokea karatasi juu ya kiganja, ifungue, inama mbele kidogo. Chana kipande cha bara kwa vidole, kikunje, chota dengu nacho. Usijaribu kuzing'ata zote pamoja kama sandwichi: bara ni laini, zitapasuka na mchuzi utamwagikia shati. Doa la manjano halitoki kwa kitambaa chenye maji, kwa hiyo koti jeupe livuliwe mapema.

Mbili zinatosha. Shinikizo la hewa ndani ya ndege huwa kama la mlimani, kwenye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400, na gesi iliyo tumboni hutanuka. Dengu huzalisha gesi; ukiongeza doubles ya tatu na soda juu yake, utaumwa tumbo angani. Kunywa maji.

Kuzibeba ndani ya ndege hatushauri. Bara hunyonya mchuzi na kulainika mno kwa muda mfupi, na chupa ya pilipili inayozidi mililita 100 kwa kawaida huzuiwa kwenye ukaguzi. Chupa hiyo ifunge vizuri kwenye mfuko wa plastiki, uiweke katika begi kubwa kabla ya kulikabidhi.

Ukiwa unaondokea Tobago, kisiwa jirani cha Trinidad, mambo ni tofauti. Kutoka uwanja wa A.N.R. Robinson, ufuo wa Store Bay ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na vibanda vyake vinasifika kwa kaa wa mchuzi wa bizari na nazi pamoja na donge za unga. Tenga saa nzima. Kaa huja na magamba yake, huvunjwa na kufyonzwa, na harufu ya bizari hung'ang'ania vidoleni. Omba kipande cha ndimu usugulie kabla ya kunawa kwa sabuni.