Namna ya Kuusoma Mji Mkongwe kwa Miguu

Mgeni akinitaka nimuoneshe jinsi Mji Mkongwe wa Unguja ulivyobadilika, simpeleki Forodhani kwanza. Tunaanzia Mkunazini, mapema, kabla jua halijaingia vichochoroni. Mimi ni fundi chokaa na kuta hizi ndizo zilizonilea, kwa hiyo nitakuelekeza kama ninavyopita mwenyewe.

Ingia Kanisa Kuu la Anglikana. Hapa palikuwa soko la watumwa mpaka Juni 1873, Sultani Barghash alipolifunga kwa shinikizo la Waingereza. Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa, na Askofu Edward Steere akausimamia ujenzi. Nenda hadi madhabahuni utazame chini, kwenye duara la marumaru nyeupe. Husimuliwa kuwa hapo ndipo uliposimama mti waliofungiwa watu wakachapwa. Weka simu mfukoni, simama kimya kidogo. Ukitoka, pita kwenye sanamu za watu watano ndani ya shimo, shingoni wamefungwa minyororo. Minyororo ile ni ya kweli. Kila nikipita hapo nanyamaza, na nimepita mara nyingi.

Sasa toka uelekee Darajani. Soko lile ni la 1904, lakini wewe tafuta daraja. Hulioni. Barabara unayovuka ilikuwa hori. Maji ya bahari yakiingia na kutoka hapa, na hori likafukiwa kidogokidogo katika karne ya 20. Majina ndiyo yaliyobaki: Darajani, na Ng'ambo upande wa pili. Marehemu bibi yangu alikuwa akivuka lami kavu na huku anasema, "Nakwenda ng'ambo." Mbele utaona majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki.

Rudi ndani ya vichochoro, na hapa usiharakishe. Chagua ukuta wowote uliochubuka, uweke kiganja. Ukiwa wa chokaa, utaacha unga mweupe mkononi, na palipobanduka utaona mawe ya matumbawe na udongo mwekundu. Ukiwa umepigwa saruji, utagonga kitu kigumu. Kisha inama utazame usawa wa goti. Plasta imevimba, imetoa chumvi. Jiwe la matumbawe hunywa maji. Chokaa huyaachia yatoke, saruji huyafungia humo, na unyevu ukipanda hadi kwenye boriti, boriti zinaoza. Nilipokuwa kijana nilikubali kuziba ukuta mmoja kwa saruji kwa sababu mwenye nyumba alitaka kazi iishe upesi. Masika mbili tu, ukuta ukafura kama mkate. Tangu hapo sijarudia.

Ukikaribishwa ndani ya nyumba, hesabu hatua kutoka ukuta hadi ukuta. Vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, kama mita tatu hivi, kwa kuwa boriti ya mkoko haifiki mbali zaidi. Ukumbi mpana ujue umebebwa na chuma au zege. Milango nayo isome juu: kizingiti kilichonyooka kwa kawaida ni cha zamani kuliko cha upinde.

Malizia Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la 1883, lenye nguzo za chuma zilizobeba baraza zake pana. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wakafa. Mji ulikuwa umeshaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na bado jumba likaanguka.

Njiani ukimkuta fundi anachanganya chokaa, msalimie, muulize ameilowesha muda gani. Akikuruhusu, ishike kidogo kwa vidole viwili. Iliyoiva huteleza kama siagi. Changa ina chembechembe, na ukutani hupasuka.